Namba ya Kwenye Kioo na Maji ya Ngorongo

Nilipokabidhi funguo za chumba cha mitambo ya intaneti, kijana aliyezipokea aliniuliza ni kitu gani nilikiogopa zaidi katika miaka yote ya kazi. Alitegemea niseme radi au nyoka, maana chumba kile kimewahi kuingiwa na vyote viwili. Nikamwambia ni namba kubwa kwenye kioo cha kompyuta. Alicheka kwa adabu, kama watu wanavyowachekea wastaafu, akaenda kujaribu funguo mlangoni. Nimeona nimwandikie yeye na wenzake, kwa sababu jibu lile halikuwa mzaha na hakunipa nafasi ya kulieleza.

Nimezaliwa Salale, ndani ya delta, mto unapogawanyika kabla ya kuingia baharini, penye mikoko. Mama yangu, Bi Mwanaidi, alikuwa mkulima wa mpunga. Kila msimu alihamia shambani akaishi kwenye dungu, kibanda kilichosimama juu ya nguzo ndefu za miti, ili aamie ndege mchana na asikie nguruwe wakija. Maji yakipanda, yalipita chini ya dungu na yeye akaendelea kupika juu. Mimi nilipelekwa Kibiti kwa mjomba kusoma. Nilimaliza kidato cha nne nikabaki pale, nikimsaidia kuuza madaftari na betri dukani.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoanza kujitoa kwenye biashara, na vitu ambavyo zamani ilikuwa kosa hata kuvitamani vikawa vinauzwa kando ya barabara. Mjomba alikwenda Kariakoo kununua bidhaa akarudi na kitabu cha kompyuta kisicho na jalada, alichofungiwa ndani yake vikombe. Vikombe vilivunjika, kitabu nikakichukua. Nilichora vitufe vyote kwenye kipande cha boksi nikajifunza kuchapa juu ya boksi lile, kimyakimya, nikiona haya mtu asije akaniuliza naandika nini. Nikikosea kitufe nilianza upya mstari mzima, ingawa hakukuwa na mstari wowote wa kuonekana. Ndivyo nilivyokuwa. Nilijifunza kompyuta kabla sijaigusa, na nikawa naogopa kuiharibu kabla sijaiona.

Mradi mmoja wa mambo ya bonde ulifungua ofisi Kibiti ukatafuta mtu wa kuchapa. Nilikwenda. Mkuu wa ofisi, Bwana Shomari, alikuwa mtu mpole mwenye kukunja uso, si kwa hasira, bali kwa mizigo aliyobeba. Mradi ulikuwa na boti moja ya injini pale Nyamisati, na ndiyo iliyotegemewa kupeleka dawa deltani, na maji yakizidi kipimo, kuwaondoa watu mashambani. Aliniuliza nimesoma wapi kompyuta. Nikasema, kwenye boksi. Alinitazama, akasogeza kiti, akasema, "Basi kaa, tuone boksi limekufundisha nini."

Siku hiyo ya kwanza niliosha mikono kabla ya kugusa kitufe. Niliendelea kuosha mikono kwa miaka mingi, hata baada ya kugundua kwamba vumbi la Kibiti halisubiri ruhusa ya mtu.

Baadaye ofisi ililetewa modemu. Kwa ninyi ambao hamkuiona: ni kisanduku chenye taa ndogo nyekundu, kinachokaa kati ya kompyuta na waya wa simu. Kinapiga simu Dar es Salaam, kwenye modemu nyingine iliyoko kwa wauzaji wa intaneti, kisha viwili hivyo vinapigiana kelele mpaka vikubaliane namna ya kusemezana. Kelele hizo zilifanya wageni watoke nje. Zikinyamaza, kioo kilionyesha maneno machache na namba: imeunganishwa kwa 115,200. Namba ile niliipenda. Katika ofisi ambayo feni lilizunguka likipenda na kalamu ziligawiwa kwa zamu, hapo palikuwa na kitu kikubwa, kamili, kisichobadilika. Wageni waliporudi ndani niliwaonyesha.

Sasa shikeni jambo moja, maana kila kitu kinategemea hilo. Ofisi ilikuwa na waya mmoja tu wa simu. Modemu ikiwa kazini, hakuna simu iliyoweza kuingia. Aliyepiga kutoka nje alisikia mlio wa kwamba simu inatumika, hata kama wote ndani tumekaa kimya tukitazama taa.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mtu wa ofisi yetu. Ni Fundi Mketo, mtu mzima wa Kimatumbi aliyetunza waya za simu kuanzia Kibiti hadi vijiji vya Mtunda. Alitembea na koleo, kopo la grisi, na simu ya kupimia iliyoning'inia kiunoni kama kuku aliyechinjwa. Mara ya kwanza alipokuja kukagua waya wetu alinikuta nafuta modemu kwa kitambaa.

"Shikamoo, fundi," nikasema.

"Marahaba. Hicho ni chombo au mtoto mchanga?"

Nikamwambia naogopa vumbi lisiingie. Akasema ninyi Wandengereko mnaishi juu ya miti kama kunguru, mto unapita chini ya vitanda vyenu mmelala, halafu mnaogopa vumbi. Nikamjibu kwamba wao wa milimani wakiona ndoo imejaa wanasema mafuriko. Alicheka, na kuanzia siku hiyo akawa ananifundisha bila kuniambia kwamba ananifundisha.

Jambo la kwanza lilikuwa kusikiliza. Kabla ya kuwasha modemu, alisema, inua mkono wa simu, bonyeza namba moja tu ule mlio mrefu ukatike, kisha tega sikio. Ukisikia kimya, waya ni mzima. Ukisikia kama mtu anakaanga dagaa, kuna kiungo kimeingia maji mahali fulani, au mtu kakata kipande akatengeneze mtego wa ndege na jirani kakiunga kwa waya wa uzio. Nilisikiliza kila asubuhi. Mvua zilipoanza nilisikia dagaa wakikaangwa kuanzia nifungue ofisi mpaka nifunge, lakini kioo kilisema 115,200 vilevile, na mimi niliamini kioo kuliko sikio. Sikio lilikuwa langu, na cha kwangu sikukiamini kamwe.

Lazima niseme pia jinsi habari za maji zilivyosafiri wakati ule. Deltani mafuriko madogo hayakimbiwi; yanasubiriwa. Yanaleta udongo mpya na samaki, na yakishakauka watu wanapanda mlau, mazao ya unyevu. Kwa hiyo ukimwendea mkulima ukamwambia maji yanakuja, atakuuliza kwanza, "Aliyeona nani?" Si ubishi. Anataka jina la mtu aliyesimama penye mto akaona kwa macho, na awe mtu wa juu, kwa sababu maji ya leo ya juu ndiyo maji ya kesho ya chini. Ukikosa jina, atakukaribisha uji, na hatashuka.

Mtu wetu wa juu alikuwa Seifu, wa Ngorongo. Mradi ulisimika nguzo mtoni ikiwa na alama za rangi, nyekundu ikiwa juu kabisa. Seifu alisoma nguzo, akapanda baiskeli hadi kwenye simu ya Ikwiriri, akatupigia. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitaja rangi, akauliza hali zetu, akakata. Ofisi ilikuwa na redio ya upepo, lakini ilisikilizana na redio ya boti tu, na hapo pia siku mikoko ikipenda.

Sasa ule mwaka wa maji.

Mvua zilinyesha bara kwa wiki nyingi. Kibiti kwenyewe palikuwa pabichi lakini tulivu, na utulivu ule ulinitisha kuliko kama pangenyesha. Mama alikuwa kwenye dungu lake. Alinitumia salamu kupitia mchuuzi wa kamba kwamba mpunga umetoka vizuri na nisile sana chipsi. Kila nilipolala niliota nguzo za dungu.

Asubuhi moja ukaja ujumbe mfupi wa barua pepe kutoka kwa mtaalamu wa maji aliyeko Dar. Ulisema ametengeneza ramani inayoonyesha maji yatatanda upande gani wa delta, na kwamba ramani yenyewe inafuata. Bwana Shomari aliusoma amesimama. Mafuta ya boti yaliyobaki Nyamisati yalitosha kuzunguka upande mmoja tu, ama Salale ama visiwa vya kusini, na lori la mafuta lilikuwa limekwama kwenye tope. Tena siku hiyo ilikuwa ya bamvua, yale maji makuu ya bahari yanayopanda na mwezi. Mtu yeyote wa delta atakuambia: mto peke yake unavumilika, bahari peke yake inavumilika, lakini mto ukishuka bamvua ikipanda, maji hayana pa kwenda isipokuwa juu. Bamvua ilitazamiwa alasiri. Boti ilipaswa kuwa imekwenda na kurudi kabla ya hapo.

Bwana Shomari aliniuliza ramani itachukua muda gani. Niliangalia ukubwa wake, nikaangalia namba kwenye kioo, nikagawanya. Nilirudia hesabu mara nyingi, kwa sababu niliogopa kukosea mbele yake. Kila mara jibu lilikuwa lilelile: muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Nikamwambia. Akaagiza chai.

Chai ikaja, ikanywewa, ikasahauliwa. Kwenye kioo kuna mstari unaojaa rangi kadiri faili linavyoingia. Ulijaa kidogo, ukasimama. Ukajongea tena, ukasimama. Kisha modemu ikakata yenyewe, mstari ukafutika, na vifaa vya siku zile havikujua kuendelea pale vilipoishia. Tukapiga upya, kelele, namba ileile nzuri, mstari mtupu. Ukafika karibu na nusu, ukakata. Tukaanza tena.

Siwezi kuwaeleza vizuri hofu niliyokuwa nayo. Mtu mwenye wasiwasi ana ugonjwa wa kumaliza. Nikiona kitu kimefika nusu, mwili wangu wote unataka kifike mwisho, na kukikatiza ni kama kumwachia mtu mkono akiwa anavuka. Kila mstari uliposogea nilijiambia, bado kidogo. Mikono ilinitoka jasho nikaogopa kugusa vitufe. Na chini ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine ambayo sikuthubutu hata kuitamka moyoni: boti isipokwenda Salale, mama yangu yuko Salale. Nilijua kwamba neno lolote nitakalosema litakuwa limepita kwenye hofu ile kwanza, kama maji yanavyopita kwenye tope. Nikaamua kunyamaza, mashine iseme. Mashine haina mama.

Bwana Shomari alikuwa anakwenda mlangoni na kurudi. Hakunikaripia. Ningefurahi kama angenikaripia.

Jua lilikuwa limeshapanda kuelekea adhuhuri Fundi Mketo alipoingia ameloa mpaka magotini, simu yake ya kupimia mkononi. Hakusubiri salamu.

"Nani yuko kwenye huu waya?"

"Ni sisi, fundi. Tunavuta ramani," nikasema.

"Nimepanda nguzo ya njia panda nikajiunga na Ikwiriri. Wananiambia kuna mtu na baiskeli anapiga namba yenu tangu asubuhi. Kila akipiga, simu inatumika. Amekaa kwenye benchi, hataki kuondoka."

Nilijua ni nani. Bwana Shomari pia alijua. Alitazama kioo. Mstari ulikuwa umevuka nusu, mahali ambapo haukuwahi kufika asubuhi yote.

"Umevuka nusu," akasema. Halikuwa swali, wala halikuwa amri. Alikuwa mtu mzima anayeomba asaidiwe. Hofu yake ilikuwa sawa na yangu, ila yake ilikuwa na delta nzima ndani yake. Ramani ingempa delta nzima. Seifu angempa nguzo moja.

Kisha akanigeukia. "Binti, wewe ndiye unayejua hiki chombo. Sema jambo moja tu. Inafika, au haifiki?"

Nilitaka kusema sijui. Ndilo jibu sahihi kuliko yote, na ndilo nililokuwa nimelificha nyuma ya namba asubuhi nzima. Nikainamia taa ya kupokea. Taa ile huwaka kila kitu kinapoingia. Ilimetameta, ikazimika kwa muda mrefu, ikametameta mara moja, ikazimika. Kioo kilisema 115,200. Kwa mara ya kwanza niliviangalia vyote viwili kwa pamoja, nikaona kwamba havizungumzii kitu kimoja. Sikuelewa kwa nini. Niliona tu.

"Haifiki, bosi," nikasema. "Haitafika kabla ya bamvua."

"Una hakika?"

"Sina. Ila hakuna kinachoingia."

Alikipa kioo mgongo. Kisha akasema, "Chomoa."

Vidole vilikataa. Fundi Mketo aliona, lakini hakunichomolea. Alisogea pembeni nipate nafasi. Nikavuta waya kutoka kwenye modemu, nikauchomeka kwenye simu. Mstari ulifutika kwenye kioo, rangi yote, kama haikuwahi kuwapo.

Simu haikulia.

Tulisimama watatu tukiitazama. Niliwaza kwamba Seifu ameshaondoka, kwamba waya umekatika, kwamba nimeua vyote viwili, ramani na mtu. Nje mama ntilie alikuwa anaosha masufuria na nikamchukia kwa kelele zake. Fundi Mketo aliinua mkono wa simu, akasikiliza dagaa, akaurudisha taratibu. "Mzima," akasema.

Ndipo ikalia.

Bwana Shomari aliniashiria nipokee. Sauti ya Seifu ilikuja kwa vipande, mkaango mwingi katikati.

"Ninyi mnaongea sana," akasema.

"Kaka Seifu, nguzo inasemaje?"

"Hakuna nguzo. Imelala. Nyekundu ilifunikwa kabla sijaanza safari. Maji yamevuka ukingo wa kaskazini. Wa kusini bado mkavu, nimeukanyaga mwenyewe."

Nilirudia kila neno kwa sauti ili Bwana Shomari asikie. Maji yakivuka ukingo wa kaskazini kule juu, huku chini yanaingia mkono wa mto unaopita Salale. Hilo alilijua kila mtu mle ndani, hata Mmatumbi. Seifu aliuliza hali zetu, akakata.

Bwana Shomari alikuwa tayari kwenye redio, anamwita nahodha wa boti, mtu wa Nyamisati aliyeitwa Juma. Akampa agizo: Salale, madungu yote, sasa hivi. Alipotaka kufunga, nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla wala baadaye.

"Bosi, atawaambia ameambiwa na nani? Watamuuliza aliyeona nani. Akisema ofisi, hawashuki."

Alinipa redio. Sikuwahi kuongea kwenye redio ile; niliogopa kubonyeza vibaya. Nilibonyeza.

"Bwana Juma, aliyeona ni Seifu wa Ngorongo. Nguzo imelala. Waambie hivyohivyo, na jina. Nimeongea naye mimi, Somoe, mtoto wa Bi Mwanaidi."

Juma akasema amesikia. Baada ya hapo mikoko ikameza redio, na kuanzia adhuhuri ile hatukusikia kitu. Nilikaa. Fundi Mketo alipaswa kurudi kwenye nguzo zake, lakini alikaa naye, akijifanya anapaka grisi kiungo kimoja ambacho hakikuwa na shida. Alasiri ikafika, saa ya bamvua ikafika, ikapita. Sina la kuandika kuhusu muda huo. Nilifuta modemu.

Mama aliletwa Kibiti siku iliyofuata, ndani ya pikapu, pamoja na majirani zake wa mashambani. Alikuwa na kuku wawili, sufuria, na mfuko wa mbegu aliofunga kifuani kwa kanga, wenyewe mkavu kuliko yeye. Nilimshika, nikampokea sufuria. Yeye alianza kwa hasira, kwa sababu mpunga ulikuwa mzuri.

"Yule Juma alikuja anapiga kelele mashua nzima, shukeni, shukeni. Nikamwambia njoo unywe uji. Nikamuuliza aliyeona nani? Akasema Seifu wa Ngorongo, kaongea na mwanao. Ndiyo nikashuka. Mbona hakusema mapema?"

Maji yalipopungua watu walilikuta dungu lake ndani ya mikoko, mbali na shamba, limelala kichwachini, ngazi imeelekea juu.

Fundi Mketo alikuja baadaye na tukakaa na kitabu changu kisicho na jalada mpaka tukaelewa. Nawaandikia hapa kwa sababu mpaka leo watu hawaelewi. Ile 115,200 ilikuwa kasi ya kompyuta kuzungumza na modemu iliyoko mezani, kupitia waya usiozidi urefu wa mkono. Ilikuwa kweli tupu, na haikuhusu Dar hata kidogo. Tulipoilazimisha mashine ituonyeshe kasi ya waya wa simu, ilisema 28,800, na hiyo nayo ilikuwa kasi ya makubaliano, ile ambayo modemu mbili ziliahidiana mwanzo wa safari kabla ya kukutana na viungo vyenye maji. Njiani zilipunguza mwendo, zikarudia kila kipande kilichoharibika, na hazikurudi kutuambia. Zaidi ya hayo, namba hizo zinahesabu biti, na herufi moja inabebwa na biti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane kabla hujafurahi. Na kule Dar, wateja wote waligombania bomba moja jembamba la kutoka nje ya nchi. Ukishatoa hayo yote, kinachobaki ndicho kinachoingia nyumbani kwako.

"Kumbe mashine haikudanganya," nikamwambia.

"Haikudanganya. Uliiuliza habari za Dar, ikakujibu habari za meza," akasema. "Hata mtu anayekaa barazani hufanya hivyo: umuulize ya mjini, akujibu ya mlangoni pake."

Ramani ilifika hatimaye, waya ulipokauka. Niliichapa, nikaitandaza mezani kwa Bwana Shomari. Mtaalamu alikuwa amefanya kazi nzuri. Upande wa Salale ulikuwa wa buluu wote, na penye shamba la mama palikuwa na buluu nzito kuliko kwingine. Ramani ilikuwa sahihi. Ilifika baada ya maji.

Miaka iliyofuata nimeiona yote: minara, simu za mkononi, vikombe vya kaure vilivyoshika waya za simu vikishushwa kwenye nguzo na kuuzwa kama vinyweo vya kuku, kisha nyuzi za kioo zinazobeba intaneti zikipita kando ya barabara kuu. Bwana Shomari alihamishwa, mradi ukaisha, nami nikahamia kampuni ya simu. Fundi Mketo alifariki, Mungu amrehemu, na simu yake ya kupimia niliirithi; iko kwenye kabati la chumba cha mitambo, rafu ya juu, msiitupe. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kupokea malalamiko ya watu wa majumbani. Lalamiko ni lilelile moja. Mtu ameuziwa kasi ya namba fulani, simu yake inaonyesha amejiunga kikamilifu, lakini picha inakwama na mtoto hawezi kusoma. Msimjibu kwamba upande wenu uko sawa. Nendeni. Kaeni alipokaa yeye. Ile alama inayojaa kwenye simu inaonyesha tu simu inavyosikilizana na kisanduku kilichoko sebuleni. Nje ya ukuta ni habari nyingine. Chomekeni waya moja kwa moja, zimeni vingine vyote, vuteni faili mnalolijua ukubwa, mhesabu kilichoingia. Na mtu akiwasomea namba yoyote kutoka kwenye kioo, muulizeni aliyeona nani.

Nami nyumbani nina kisanduku, ofisi ilinipa nilipoagwa, chenye namba kubwa ubavuni. Binti wa dada yangu anakitumia kuangalia tamthilia. Lakini mvua za bara zikianza, na Kibiti pakawa kimya kwa ule ukimya, naamka nakizima. Ananieleza, kwa upole, kwamba siku hizi simu na intaneti havigombanii waya mmoja. Najua. Mitambo hiyo nimeifunga mimi. Nakizima hata hivyo, naweka simu mezani, nakataza mtu kuigusa, nakaa kuisubiri Ngorongo.